Matumbo Yaliyooshwa Mara Tatu

Mugua, mwanamke jirani, anavyosimulia, siku ile ya sherehe ya nguruwe kumi na wawili Otilia hakuosha matumbo. Anasema aliyaacha kwenye jiwe pale mtoni yakiota jua kama nyoka wavivu, yeye akaenda kuchagua popoo za kutafuna kwa mwanamke mmoja wa ng'ambo. Aliporudi akayachovya majini mara moja, kama mtu anayechovya kidole kuonja baridi, akayasuka, akayapeleka kwenye shimo la kuokea nyama kwa mawe ya moto. Mugua aliyaona hayo kwa macho yake mawili. Siku hiyo Mugua alikuwa upande wa pili wa kilima, kwenye harusi ya mpwa wake, lakini jambo hilo halikumzuia kuona.

"Ndiyo maana aliyeugua ni mtoto wake mwenyewe," humalizia. "Uchafu unamjua mwenyewe."

Habari hiyo ilimfikia Otilia Jumatano asubuhi, akiwa kwenye benchi la wodi ya watoto katika hospitali ya mkoa, mkono wa binti yake Delma umo ndani ya mkono wake. Aliyeileta ni mama mkwe, Bibi Kama, aliyeshuka kutoka kijijini na viazi vitamu vya kuchoma ndani ya mfuko wake wa kusuka. Alitoa viazi kwanza, habari baadaye.

"Watu wanasema," alisema Bibi Kama. "Mimi sisemi. Watu."

"Watu gani, mama?"

"Mugua."

Otilia alikuwa ameyaosha mara tatu, kama mama yake alivyomfundisha. Huko milimani kwao matumbo ni ya wanawake. Wanaume huua nguruwe, humpasua, hugawa nyama kwa hotuba ndefu za kutaja ukoo hadi ukoo. Matumbo huteremka mtoni na wanawake, bila hotuba. Kwanza unautenga utumbo na ile ngozi nyembamba ya mafuta inayoushika, ambayo wanawake huiita sketi. Kisha unakamua. Kisha unaupindua ndani nje kwa kijiti cha mwanzi. Kisha unasugua kwa majani mpaka maji yanayotoka yafanane na yanayoingia. Otilia alijulikana katika koo tatu kwa kuing'oa sketi kwa mvuto mmoja bila kuutoboa utumbo. Si sifa anayotungiwa mtu wimbo, lakini ilikuwa yake.

Delma alikuwa na miaka saba. Jumamosi alikula nyama ya sherehe, Jumapili akala iliyobaki, iliyokuwa imening'inia chini ya paa. Jumatatu alijikunja. Jumanne alipotapika maji ya rangi ya majani na choo chake kikawa damu, baba yake na vijana watatu walimbeba kwenye machela ya magunia mpaka barabarani. Sasa tumbo lake lilikuwa limejaa na kukaza kama ngoma iliyoanikwa, na alikuwa ameacha kulia. Otilia angependa alie.

*

Daktari Vagi alikuwa mtu wa pwani, mrefu, mwenye sauti ya kubembeleza, na watu wa milimani walimsamehe hayo yote kwa sababu alijua kushona. Alimbonyeza Delma tumboni kwa vidole viwili, akaangalia uso wake, akawaita wazazi pembeni. Bibi Kama alienda nao bila kuitwa.

"Ugonjwa huu mnaujua kuliko mimi," alisema. "Tumbo la nguruwe. Kuna kijidudu kinakaa kwenye nyama ambayo haikuiva, au iliyolala. Kinatoa sumu. Anayekula nyama kila wiki, tumbo lake lina maji ya kuivunja sumu hiyo. Mtoto wa viazi vitamu mwaka mzima anayo kidogo, na hayo kidogo viazi vyenyewe vinayafunga mikono."

Bibi Kama alivirudisha viazi mfukoni.

"Sumu inaingia kwenye utumbo mwembamba, huku juu karibu na tumbo la chakula. Damu inakatika. Utumbo usiopata damu unakufa, na ukifa unatoboka." Aligeuza karatasi, akachora mstari uliojikunja mara nyingi. "Kipande kama hiki."

"Umechora kamba," alisema Otilia.

Siune, mumewe, alimtazama. Mkewe hakuwa na desturi ya kusahihisha watu.

"Ni utumbo, mama Delma."

"Kamba haina mahali pa kuingilia damu. Hiyo yako haiwezi kufa, maana haijawahi kuwa hai. Lete kalamu."

Daktari alimpa. Otilia aliweka karatasi juu ya goti, akachora polepole, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo, kama anavyofanya mtu aliyeishia darasa la sita.

"Hiki kiuno. Kimeshonwa mgongoni, na ni kifupi, hakizidi shubiri. Hili pindo. Pindo la nguruwe mkubwa linaweza kuizunguka nyumba. Pindo refu, kiuno kifupi, ndiyo maana sketi ina marinda. Damu inaingilia kiunoni, kwenye mshipa mmoja mnene. Ule unashuka ndani ya sketi, unatoa matawi, matawi yanashikana mikono yanafanya matao. Halafu kwenye matao vinatoka vimishipa vilivyonyooka, vingi, kama meno ya kitana, vinaenda mpaka kwenye pindo. Ukivuta vibaya, meno yanakatika na pindo linabaki na damu mbichi. Halioshwi likatakata tena."

Daktari aliitazama karatasi kwa muda.

"Umesomea wapi?"

"Mtoni."

"Kwa mtu ni hivyo hivyo. Huku juu meno ni marefu na matao machache. Ukishuka kuelekea utumbo mpana, matao yanaongezeka, meno yanafupika." Alichukua kalamu akaongeza matao upande mmoja, kwa adabu, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye chungu cha mwenzake. "Kwa Delma meno yameziba. Nikifungua nitakuta pindo jeusi. Nitalikata, niunge jekundu kwa jekundu."

"Na sketi yake?"

"Nitakata pembetatu, nikiwa nimefunga mishipa kwanza."

"Usiingie sana kuelekea kiunoni. Utaua na lililo zima."

"Najua, mama."

"Nakukumbusha tu."

"Ahsante. Lazima nimfungue kabla ya saa sita mchana. Likitoboka, sitakuwa na cha kuunga."

Ilikuwa saa tatu na nusu.

*

Sista Ruta alikuja na fomu. Sheria inasema mzazi yeyote anaweza kutia sahihi, lakini mwaka jana mama mmoja alitia sahihi peke yake, mtoto akafa, na ukoo wa baba ukaja na mawe. Vioo vitatu vya wodi bado vilikuwa mbao. Tangu hapo Sista Ruta anataka sahihi ya baba, na baba awe na mtu nyuma yake.

"Baba Delma, hapa chini."

Siune aliishika kalamu akaitazama. "Tumngoje kaka."

"Kaka ndiye aliyemzaa?"

"Nguruwe wa mahari niliyoolea walikuwa wa kaka. Mimi sina mdomo, Sista. Anakuja. Yuko njiani."

"Na huo utumbo uko njiani pia," alisema Sista Ruta, akaenda kumbadilishia Delma chupa ya maji.

Waine, huyo kaka, alifika saa nne na robo, kofia ya manyoya kichwani, viatu vimepanguswa. Yeye ndiye aliyeandaa ile sherehe, na bado alitembea kama mtu anayesindikizwa na nguruwe kumi na wawili. Alimsalimia daktari kwanza, akamsalimia Sista, akamwekea mtoto kiganja kwenye paji la uso, akafumba macho, akasali. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Alimpenda Delma. Yeye ndiye aliyempa jina.

"Mzee," daktari alimwambia, "nyama ya Jumamosi iliiva?"

"Iliiva."

Siune alitazama miguu yake. Otilia alimtazama Siune.

Jumamosi, jua likiwa bado halijasogea, lori la wageni lilianza kupiga honi barabarani. Dereva alisema anaondoka. Wageni kuondoka na mikono mitupu ni aibu ambayo wajukuu husimuliwa. Waine akaamuru shimo lifunguliwe. Wanawake walisema mawe bado, majani hayajabadilika rangi. Waine akasema honi haingoji mawe, fungueni. Mgeni mmoja alipopokea bega, damu ilimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Aliilamba, akasifu. Watu mia mbili waliona.

"Mimi nasikia ni matumbo," Waine alisema. "Hayakuoshwa."

"Si matumbo," alisema daktari. "Hata yasingeoshwa, yakiiva hayana neno. Ni kuiva."

"Daktari, nakuheshimu. Lakini wewe ni mtu wa samaki." Alimgeukia Otilia, sauti ikashuka, ikawa ya upole kabisa. "Mke wetu, mimi sikatai mtoto apasuliwe. Apasuliwe. Ila akifia mezani, ukoo wako watakuja kudai malipo ya mtoto wa dada yao. Ndiyo desturi, nitalipa. Lakini watasema tuliwalisha watoto nyama mbichi mbele ya wageni, na hapo hakuna nguruwe watakaotosha. Kama mama mwenyewe alikosea mtoni, jambo linaisha kwa mama. Uliseme tu. Ulisemee mbele ya ndugu yako, Siune atie sahihi, tumalize."

Ndugu yake alikuwa hapo tayari. Teine alikuwa mlinzi wa duka la mabati mjini, na alikuja na sare yake, filimbi shingoni.

"Mimi sijadai kitu," alisema Teine. "Mtoto anapumua."

"Nakujua, shemeji. Hudai ukiwa umesimama. Unadai ukishakaa."

"Shemeji, ile damu ya kwenye kiwiko nimeisikia mpaka huku mjini. Dada yangu ndiye mwenye kiwiko?"

"Umesikia. Hukuona."

"Na Mugua je, aliona?"

"Mugua ni mtu mzima," alisema Waine.

Saa tano kasoro dakika kumi. Otilia aliutazama mlango wa wodi. Kutoka pale aliona miguu ya Delma tu, nyayo zikiwa na tope la njiani ambalo hakuna aliyekuwa amepata nafasi ya kulifuta. Ndani ya tumbo lile, meno ya kitana yalikuwa yakiziba moja baada ya jingine. Aliwaza pindo lile lina urefu gani, na wekundu uliobaki ni hatua ngapi.

"Sikuosha," alisema.

"Otilia," alisema Teine.

"Sema vizuri, mke wetu," alisema Waine. "Sema ni nini."

"Matumbo. Siku ya sherehe. Sikuyaosha vizuri."

Mwanamke aliyekuwa na mtoto aliyeungua alimsogeza mtoto wake upande wa pili wa benchi. Mfagiaji alisimamisha ufagio.

"Hata mara moja, mama?" aliuliza mfagiaji. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kujua tu.

Waine alingoja. Otilia akaona kwamba na hilo linangojewa.

"Hata mara moja."

Teine aliivua filimbi shingoni akaitia mfukoni, akaitoa, akaivaa tena. "Mama alikufundisha," alisema. "Mimi nilikuwepo. Alikuwa anakupiga vidole kwa kile kijiti cha mwanzi."

"Alinifundisha."

"Nikienda kaburini kwake nimwambie nini?"

"Mwambie saa tano imefika."

Teine aliondoka. Waine akampa Siune ishara ya kichwa, na Siune akatia sahihi, jina refu kwa mkono wa polepole, kila herufi ikiwa na shaka yake. Sista Ruta aliinyakua fomu kabla ya nukta.

*

Walikaa nje, kwenye nyasi za mbele ya chumba cha upasuaji. Waine alikwenda kumtafutia dereva wake chakula. Bibi Kama alilala ameketi. Siune alikuwa aking'oa majani, moja moja, na kuyapanga.

"Kaka alipoamuru shimo lifunguliwe," alisema, "mimi ndiye niliyeyatoa mawe."

"Nilikuona."

"Ningesema nini?"

Otilia alifikiri. Lilikuwa swali la kweli, alitaka kulijibu kwa haki. "Ungeweza kuungua," alisema mwisho. "Ungeangusha jiwe, ukapiga kelele, ukashika mkono. Shimo lingekaa nusu saa zaidi."

Siune aliendelea kupanga majani. Baadaye alisema, "Sikufikiria hilo."

"Mimi pia nimelifikiria sasa."

Saa saba na dakika kumi daktari alitoka, kofia ya kitambaa bado kichwani, na beseni la chuma lililofunikwa. Alimtazama Siune, kisha akampita, akamwendea Otilia.

"Yuko hai. Unataka kuona?"

Siune alijitenga. Otilia alifunua. Utumbo ulikuwa mweusi kama ndizi iliyosahaulika, umetuna, na pembeni yake ilikuwa imening'inia pembetatu ya sketi, imekatwa safi, kila mshipa na kifundo chake cha uzi mweusi. Otilia alivihesabu vifundo. Kisha akapima hewani kwa shubiri, bila kugusa.

"Tano na nusu."

"Tano na nusu," daktari alikubali. "Kilichobaki kinatosha mtu kuolewa na kuzeeka."

"Kilikuwa kimetoboka?"

"Bado. Kilikuwa kinaangalia saa."

"Kiuno hukukigusa?"

"Sikukigusa, mama." Alilifunika beseni. "Sasa tunasubiri. Asile, asinywe. Utumbo ukishikwashikwa unagoma, unalala. Ukiamka, atajamba. Siku akijamba, niite hata niwe kanisani."

*

Alhamisi hakujamba. Ijumaa hakujamba. Wodi nzima ilijua. Mama wa mtoto aliyeungua alikuwa akiuliza kila asubuhi kwa sauti ya heshima, kama anayeulizia mvua: "Bado?" Na Otilia alijibu, "Bado." Mfagiaji alifagia chini ya kitanda cha Delma muda mrefu kuliko vitanda vingine, sikio moja likiwa juu. Bibi Kama alipendekeza mtoto apigwe mgongoni. Sista Ruta alipendekeza Bibi Kama aende nyumbani.

Delma mwenyewe aliliona jambo hili kuwa la ajabu. "Nyumbani nikijamba mnanitoa nje," alisema, kwa sauti iliyokauka.

"Hapa ni hospitali," alisema Otilia, akimlowesha midomo kwa kitambaa.

Kuhusu matumbo hakuna aliyemuuliza tena. Hapakuwa na haja. Ijumaa mwanamke wa kijiji cha jirani aliyeleta mtoto wa kikohozi alimtazama, akamnong'oneza mwenzake, na mwenzake akageuka kuangalia mikono yake. Otilia aliiweka mapajani, viganja juu, wapate kuona vizuri.

Jumamosi alasiri Waine alikuja. Alikuwa amevua kofia, na mkononi alishika kopo la maziwa ya unga ambalo mtoto alikuwa haruhusiwi kulionja. Aliliweka juu ya kabati, akakaa kwenye ncha ya kitanda kilichokuwa kitupu, akasifu usafi wa wodi, akasifu mbao za madirishani.

"Mke wetu," alisema, "Mungu mkubwa."

"Ndiyo, mzee."

"Nimeweka nadhiri. Jumamosi ijayo nachinja nguruwe watatu wa shukrani kwa ajili ya huyu. Padri anakuja. Wale wageni wa lori wanakuja." Alikohoa. "Safari hii shimo litafunguliwa jioni. Nimewaambia wote. Hata honi ilie mpaka betri ife."

"Vizuri."

"Sasa. Alhamisi palikuwa na msiba kule kwa kina Gandi. Nguruwe wawili. Matumbo aliosha Mugua." Alitafuta mahali pa kuweka macho. "Utumbo ulitoka na matundu kama chujio. Watu walitafuna mchanga. Padri alitafuna mchanga, akasema ni kitamu. Mke wetu, wale wageni nitawalisha nini?"

Otilia alikuwa ameinua kidole kimoja. Waine alidhani ni kwa ajili yake, akanyamaza. Kidole kilikuwa kwa ajili ya shuka.

Wodi nzima ikanyamaza. Mfagiaji aliushika ufagio kwa mikono miwili. Na chini ya shuka ikatoka sauti, si kubwa, ndefu kidogo, kama mlango wa nyumba ya mbali unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha wenzake.

Delma alimtazama mama yake kujua kama atatolewa nje.

"Sista!" mama wa mtoto aliyeungua alipiga kelele. "Sista, utumbo umeamka!" Mfagiaji aliangusha ufagio akakimbilia korido, na ikasikika akitangaza mlango hadi mlango, mpaka kwenye ofisi ya dawa, ambako hakukuwa na mtu.

Waine alisimama, akacheka, akafuta macho kwa kofia. Kisha akakumbuka kilichomleta. Akakisogelea kitanda, akainama, sauti chini, sauti ambayo Otilia hakuwahi kuisikia kwake.

"Utakuja kutuoshea, mke wetu? Wanawake wananingoja barabarani. Niwaambie nini?"

Otilia alikuwa ameshafunua shuka. Ameinama, nywele zake zimeshuka juu ya bandeji, sikio lake liko tumboni kwa mtoto, chini kidogo ya mshono, na anasikiliza.